Ndizi Zisizozikwa

Kule Kilema, mzazi asiponona, anayesemwa ni mama mkwe. Hakuna atakayeuliza kama mama wa mtoto alikuwa na homa au alikosa hamu ya kula. Watasema yule bibi ni mchoyo, amemnyima mke wa mwanawe mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Anyesi alilijua hilo tangu alipoolewa yeye. Kwa hiyo mwezi wa tisa mwaka 2001, mkwewe Theodora alipojifungua mtoto wa kike, bibi alifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni na hakutoka. Mtoto alipewa jina la bibi mzaa baba, kama ilivyo desturi, na nyumba ikawa na Anyesi wawili, mmoja wa kunyonya na mwingine wa kupika.

Valerian, baba wa mtoto na mwana pekee aliyembakia bibi huyo, alikuwa bwana shamba. Si wa serikali. Serikali ilikuwa imeshapunguza watu wake, naye akapunguzwa pamoja nao. Miaka ile kahawa haikuwa na bei, na watu waliosomeshwa kwa kahawa walikuwa wakiing'oa kimyakimya, wakiona haya hata kwa miti yao. Wageni wakaja na miradi. Mmoja ulipanga nyumba Njoro, mjini Moshi, ukatundika kibao cha kijani kilichoandikwa Mgomba Mpya, ukamwajiri Valerian, naye akashukuru kuliko ilivyompasa.

Mgomba wenyewe ulizaliwa kwenye chupa, maabara za ng'ambo. Wataalamu walichukua vinasaba vya mmea mwingine kabisa, wakavipandikiza ndani ya mgomba, ili fukusi, mdudu anayetoboa migomba, akiutafuna afe. Mmea gani huo mwingine? Karatasi zilizofika Njoro hazikusema. Mkuu wa mradi, Dakta Herbert, mtu aliyesoma sana na kucheka kidogo, alisema hiyo ni siri ya kampuni. Masharti yalikuwa machache: kila mkungu ukikomaa ukatwe, upimwe, uzikwe ardhini. Asile mtu. Asipewe jirani hata chipukizi moja, mpaka majibu ya vipimo yatoke.

Wakulima walisita. Watu wa mlimani si wepesi wa kupanda kitu ambacho hawajaona kwa mwenzao. Valerian akaona njia. Alipeleka miche kumi kwenye kihamba cha mama yake, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, akaipanda kwa mikono yake kati ya kahawa za marehemu baba yake, na baada ya hapo hakuna aliyesita tena. Ni nani angekataa kitu ambacho bwana shamba amempandia mama yake mzazi?

Migomba ikakua vizuri ajabu. Mikungu ya kwanza ilipokomaa, Valerian alipanda mlimani Jumamosi kwa Jumamosi, akaipima kwa mzani wa kuning'iniza, akaandika kwenye daftari, na kumwachia mama yake kazi ya kufukia. Jumamosi iliyofuata alikuta vilima vya udongo nyuma ya zizi. Akaandika: imezikwa. Hakuchimbua kuhakikisha. Mtu hamkagui mama yake kama mwizi, na hapo sitamlaumu. Nitamlaumu kwa mengine.

Tarehe nne Oktoba, Shedrack, daktari wa mifugo wa mradi, alimwita Valerian kwenye shamba la majaribio huko chini tambarare, njia ya Himo. Shedrack alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa, mtu wa kusema alichokiona bila kukipamba. Mbuzi wanne walikuwa wamelala chini wamekufa, matumbo yamepasuliwa.

"Hawa walilishwa majani na vigogo," alisema Shedrack akionyesha zizi la pili, ambako mbuzi wengine walikuwa wakitafuna kwa amani. "Hawajambo kabisa. Hawa waliokufa walilishwa ndizi. Tazama figo zao."

Valerian alitazama, kisha akageuka pembeni.

Jioni hiyohiyo Dakta Herbert aliwakabidhi wote barua. Iliandikwa kwamba kumetokea vifo vya wanyama ambavyo chanzo chake hakijathibitishwa, kwamba sampuli zimepelekwa ng'ambo, na kwamba mfanyakazi atakayezungumza na mkulima au mtu mwingine yeyote kabla ya majibu atafukuzwa na kushtakiwa. Wakatia sahihi. Valerian alikuwa ameahidiwa kwenda kusoma nje mwaka unaofuata. Alijiambia kwamba mikungu yote ya kwao imezikwa, ameiandika mwenyewe. Isitoshe, alijua mdomo wa mama yake: akiambiwa yeye, Kilema nzima ingekuwa na habari kabla ya misa ya pili.

Akaikunja barua, akaitia mfukoni. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu alipanda nyumbani na nyama kilo mbili. Theodora alikuwa amekaa kitandani, mtoto amelala pajani, mashavu ya mzazi yamejaa na kung'aa mpaka macho yamekuwa madogo. Majirani wawili walikuwa pale, mikono viunoni, wakimtazama kwa kuridhika kabisa.

"Hongera, mama Valerian," mmoja alimwambia Anyesi. "Huyu umemlisha. Yaani umemlisha kweli."

"Bado," alisema bibi, naye uso unamcheka. "Ngojeni atimize miezi mitatu. Atatoka humu ndani kwa ubavu."

Theodora alimnyooshea mumewe mkono. "Baba Anyesi, hebu ona. Pete haitoki."

"Paka sabuni."

"Nimepaka. Na viatu navyo vimekataa. Mama yako atanifanya nitembee peku."

Valerian akacheka. Alicheka kwa sauti, akamwambia mama yake kwamba akiendelea hivyo yeye atashindwa kumtambua mke wake barabarani, na wanawake wote wakaangua kicheko. Theodora pia alicheka, ingawa alishika kichwa kidogo, akasema kinamgonga tangu asubuhi. Bibi akamwongezea mtori.

Kicheko hicho Valerian hajakisahau hadi leo.

Alhamisi iliyofuata, ofisini Njoro, Shedrack aliingia bila kubisha. Mbuzi wa tano alikuwa amekufa.

"Unajua kinachoniudhi?" alisema, akijitupa kwenye kiti. "Tungewahi kujua. Lakini mchungaji anasema kabla ya kufa walikuwa wamenenepa usoni, chini ya taya hapa. Akafurahi! Akadhani wamenona. Kumbe ni maji, figo hazitoi maji."

"Wamenona," alisema Valerian.

"Ndiyo. Ukiwabonyeza, kidole kinaacha shimo."

Shedrack aliendelea kuzungumza, lakini mwenzake alikuwa ameshatoka, daftari limeanguka sakafuni. Gari la kwanza lilimfikisha Himo. La kupanda mlimani lilikuwa linasubiri lijae. Halikujaa, na Valerian hakuweza kukaa, akaanza kupanda kwa miguu, akikimbia kwenye tambarare na kutambaa kwenye miinuko, mtu mzima na mkoba wake wa ofisini, na wanaomfahamu wakimwamkia bila kujibiwa. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba mikungu imezikwa. Imezikwa, ameiandika mwenyewe.

Alimkuta Theodora amelala chali. Uso wake ulikuwa umevimba mpaka macho hayafunguki, na alipumua kama mtu aliyebeba mzigo. Valerian alipiga magoti, akabonyeza kidole gumba kwenye muundi wake. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Alilitazama shimo lile likikaa palepale, halijai.

Jikoni, mama yake alikuwa akiponda ndizi kwa mwiko.

"Mama, ndizi hizi zimetoka wapi?"

"Shambani. Zingetoka wapi?"

"Mgomba gani?"

Anyesi aliweka mwiko chini. Alikuwa mwanamke mrefu, asiyezoea kuulizwa maswali jikoni kwake. "Ile yako," alisema. "Usinikodolee macho. Nilichimba mashimo kama ulivyosema. Nikasimama na mkungu mkononi, mkungu mzuri hivyo, nikashindwa. Kwenye udongo huu tumemlaza baba yako na dada zako wawili. Humu tunazika watu, baba, hatuziki chakula. Ukizika chakula kwenye kihamba unauita msiba. Nikafukia majani na vigogo, ndizi nikamwekea mzazi. Mimi mwenyewe sijaonja. Nimemwekea mzazi tu."

Valerian aliinua sufuria kwa mikono mitupu, akatoka nayo, akaimwaga kwenye shimo la choo. Viganja vyake viliungua, hakuhisi. Mama yake alibaki mlangoni ameduwaa. Alidhani mwanawe anaogopa kufukuzwa kazi kwa sababu ya masharti ya wageni, na jambo hilo lilimsikitisha, kwamba mtu anaweza kumwaga chakula cha mkewe kwa kuogopa tajiri.

Vijana wanne wa jirani walimbeba Theodora kwa machela mpaka barabarani, na pikapu ya mwenye duka ikamteremsha mjini. Hospitalini daktari alimtazama mara moja tu, kisha akaanza kufanya kila kitu haraka. Aliuliza juu ya mimba, juu ya presha, juu ya dawa za kienyeji. Mwisho akauliza amekula nini.

Valerian alimwambia yote, pale pale, pembeni ya kitanda. Barua yenye sahihi yake ilikuwa mfukoni, lakini wakati huo haikuwa na nguvu tena juu yake.

"Ni mmea gani waliochanganya?" aliuliza daktari. "Nikijua ni sumu ya aina gani, nitajua pa kuanzia."

Valerian alikimbia kwenye kibanda cha simu ya kadi nje ya lango, akapiga namba ya mkononi ya Dakta Herbert. Alimwomba. Alimwambia ni mke wangu, ana mtoto wa wiki tano, niambie jina la mmea tu, sitakuuliza kingine.

"Nani alimruhusu kula?" aliuliza Dakta Herbert.

"Dakta, nakuomba jina."

"Uliandika mwenyewe kwamba mikungu imezikwa, Valerian. Ninalo daftari lako hapa mezani. Weka simu chini, fikiria unachotaka kusema."

Simu ikakatika. Alipiga tena mpaka kadi ikaisha, haikupokelewa. Asubuhi Shedrack alipita Njoro, akakuta kibao cha kijani kimeng'olewa na mlinzi anafagia chumba kitupu. Wataalamu wa kuumba migomba walikuwa wameondoka kwa magari mawili kabla ya jua kuchomoza, na daftari la Valerian walikwenda nalo.

Mashine ya kusafisha damu haikuwepo Moshi. Ilikuwepo Nairobi, na mgonjwa hakuwa wa kusafirishwa. Daktari yule alifanya yote aliyoyaweza, na Valerian aliona kwamba anayafanya bila matumaini. Jumamosi jioni Theodora alizinduka kidogo, akaomba kumwona mtoto. Walikuwa wamemwacha Kilema kwa bibi yake, ananyweshwa maziwa ya ng'ombe.

"Niliwasikia, wewe na daktari," alisema Theodora. Maneno yalikuwa yanatoka moja moja. "Ni mtori."

"Usiseme, mke wangu. Pumzika."

"Usimwambie mama." Alimtafuta mkono, akaushika. "Alikuwa ananilisha kwa kijiko. Usiku anaamka, ananilisha. Usimwambie, atakufa."

Valerian aliahidi. Jumapili, watu wakitoka kanisani, Theodora akafa.

Walimzika kwenye kihamba siku ya Jumanne. Anyesi hakulia kama wengine. Alizunguka kati ya waombolezaji na mtoto mgongoni, akimwuliza kila mwanamke wa rika lake alikosea wapi. Nyama nilimpa ya kutosha. Maziwa alikunywa. Au niliwahi mno kumwogesha? Au chumvi ilizidi? Wanawake walimwambia ni mapenzi ya Mungu, naye aliitikia, kisha akaenda kumwuliza mwingine. Valerian alimsikiliza kutoka kwenye benchi la wanaume, akaishika ahadi aliyompa marehemu.

Angeishika mpaka mwisho, nadhani. Alishazoea kunyamaza. Lakini Jumatano asubuhi alimkuta mama yake akishuka kutoka darini na mkungu mbivu kiasi, akiufuta vumbi kwa upande wa kanga.

"Unaupeleka wapi, mama?"

"Kwa Yuditha. Naye ni mzazi, ana wiki tatu. Nilimpelekea mmoja ile siku nyingine, akaupenda sana. Huu ulikuwa wa Theodora." Sauti ilimkatika, akaikaza. "Mwenyewe hayupo wa kuula. Na machipukizi yale nimeshagawa nyumba saba. Kila mtu anaitaka migomba yako, baba."

Nyumba saba. Valerian akaketi kwenye kigoda cha jikoni, mahali ambapo mwanamume wa Kilema haketi. Alimwomba radhi Theodora moyoni. Kisha akasema.

Alisema yote, toka chupa za ng'ambo mpaka mbuzi, mpaka swali la daktari. Mama yake alisikiliza amesimama, mkungu begani. Alipomaliza, bibi aliushusha taratibu, akauweka chini kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia. Alitazama mikono yake, upande wa juu, halafu viganja.

"Hao mbuzi," alisema. "Ulijua lini?"

"Tarehe nne, mama."

Alikuwa mtu wa kuhesabu siku kwa Jumapili. Akahesabu kwa vidole. "Mkungu wa tatu nilikuwa bado sijauteremsha darini," alisema. "Mimi niliyepika sikujua, Valerian. Wewe uliyejua ulikuja Jumamosi, ukacheka."

Hakumwita baba tena. Alichukua panga, akatoka, na kanga ya msiba ikiwa bado kichwani alishuka mpaka kwa Yuditha. Alimkuta amevimba miguu tu. Siku hiyohiyo alifikishwa hospitalini, na akapona, ingawa mpaka leo ni mtu wa kuumwa mgongo na hawezi kulima. Kisha bibi alikwenda nyumba zote saba, na za wakulima waliopokea miche ya mradi. Kila nyumba alisimama uani na kusema kwa sauti: "Nimewaletea kifo bila kujua, nipeni nikitoe." Akang'oa kila chipukizi na kila mgomba wa mradi mpaka kwenye mizizi, na ile kumi ya kwake vilevile. Valerian alikuwa nyuma yake na jembe, akifukua mizizi iliyobaki.

Ilibaki nyumba moja, ya Leodegar, baba yake Theodora, huko Kirua. Mchagga aliyemkosea mwenziwe kosa zito hamwendei mikono mitupu. Humpelekea jani la isale, ule mmea wa kijani unaozungushiwa mipaka ya kihamba, na aliyepelekewa isale hawezi kulikataa, hata kama moyo wake unavuja damu. Wazee waliliweka hivyo, la sivyo mlima huu ungeshakwisha watu.

Anyesi alikata jani moja kwenye ua, akalifunga fundo. "Langu hili," alisema. "Lako ukate mwenyewe."

Valerian alisimama mbele ya ule ua kwa muda mrefu. Mkono uligoma. Mwishowe alimfuata mama yake bila kitu.

Leodegar, katekista mstaafu mwenye nywele nyeupe, aliwapokea uani. Anyesi alipiga magoti na mtoto mgongoni, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Mkwe wangu, binti yako nimemuua mimi. Nilimpikia chakula chenye sumu, nikamlisha kwa kijiko. Sina la zaidi."

Hakutaja mtu mwingine yeyote. Angeweza, na watu wangemwelewa.

"Mama hakujua, baba," alisema Valerian. "Nilijua mimi." Akaitoa ile barua mfukoni, imelegea kwa jasho, akampa.

Mzee alivaa miwani, akaisoma polepole, kama alivyokuwa akisoma masomo kanisani. Alipofika mwisho, alirudi juu kutazama tarehe.

"Tarehe saba nilikuja kumwona," alisema. "Alinisindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa mwembamba vilevile, nikamtania, nikamwambia huku hawakulishi."

Machozi yalimshuka, hakuyafuta. Alikwenda kwa Anyesi, akalipokea jani kwa mikono miwili, akamwinua. "Nimepokea, mama. Umekuja na isale, nami nimelipokea. Simama, usipige magoti uani kwangu."

Kisha akamgeukia Valerian, akamtazama mikono.

"Wewe hukuleta."

"Nilisimama kwenye ua kulikata, baba. Nikaona haya."

"Umefanya vizuri," alisema Leodegar. "Ungelileta, ningelazimika kulipokea."

Alimfungua mtoto mgongoni kwa Anyesi, akamkumbatia kifuani, akamshika bibi mkono, wakaingia ndani pamoja. Mlango haukufungwa, lakini Valerian hakukaribishwa, akabaki amesimama pale uani.